Boila mpya ya gesi Uingereza: stika ya daraja A haishushi bili peke yake

Takribani kila boila mpya ya gesi, yaani mtambo unaopasha nyumba na maji ya kuoga, inayouzwa Uingereza leo ina stika ya daraja A. Kwenye kipeperushi na kwenye karatasi ya bei ya fundi utasoma ufanisi wa asilimia 92 au 94, na mnunuzi anabaki kuamini kwamba ikishafungwa tu, bili itashuka yenyewe. Sisi tunaozifunga na kuzihudumia tunajua kuwa namba ile ni ya maabara. Boila hiyohiyo, kwenye nyumba mbili zilizopakana, itafikia asilimia 92 kwa huyu na kuishia 85 au 86 kwa yule. Boila haina kosa. Tofauti iko kwenye joto la maji yanayorudi ndani yake baada ya kuzunguka nyumba.

Gesi ikiwaka hutoa moto, na hutoa pia mvuke wa maji. Mvuke huo umebeba karibu sehemu moja ya kumi ya nishati yote uliyoilipia. Boila za zamani ziliusukuma nje pamoja na moshi. Za sasa huupoza hadi utoneshe, yaani ugeuke maji, na joto lake likabaki ndani. Ila mvuke hautoneshi ukipita mahali penye joto kali. Kwa gesi asilia mpaka ni nyuzijoto 54 au 55. Maji yakirudi yana nyuzi 60, mvuke unajiendea zake nje na boila yako ya bei mbaya inafanya kazi ya boila ya kawaida. Yakirudi na nyuzi 40, unavuna. Kila uamuzi unaofuata hapa, kuanzia ukubwa wa boila mpaka aina ya themostati (kidhibiti cha joto la chumba), unarudi kwenye swali hilo moja: maji yatarudi na joto gani?

Kabla ya kuita mtu akupe bei, ikague uliyonayo. Tangu Aprili 2005 kanuni za ujenzi za England na Wales zinadai boila ya kutonesha mvuke, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kuifunga. Kama yako iliwekwa baada ya hapo, na chini yake kuna bomba jembamba la plastiki linalopeleka maji kwenye mtaro, basi tayari unayo ya aina hii. Kutoa boila ya kutonesha iliyo nzima ili uweke nyingine ya kutonesha ni kubadilisha rangi ya kasha. Irekebishe kwanza, kwa namna tutakayoieleza huko mbele, uone bili ya msimu mmoja wa baridi. Mambo ni tofauti kwa boila za zamani zenye kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana, au zile zilizofichwa nyuma ya meko sebuleni. Nyingi ya hizo hazifiki asilimia 70. Kutoka 70 kwenda 90, kwa joto lilelile ndani ya nyumba, gesi inapungua kwa asilimia 22 hivi. Hapo kuna pesa.

Mwenye boila ambayo bado inapumua ana nafasi ya kufikiria pia pampu ya joto, mashine ya umeme inayochukua joto la nje na kulileta ndani. England na Wales serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa pampu inayochukua joto kwenye hewa ya nje tangu Oktoba 2023, na anayeiomba ni fundi kwa niaba yako. Pampu nzuri hutoa karibu uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme, lakini umeme wa Uingereza huuzwa mara nne hivi ya bei ya gesi, kwa hiyo usitegemee bili kuporomoka. Kazi ya rejeta (yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji ya moto na kupasha vyumba) na mabomba tunayoieleza hapa ndiyo ileile ambayo pampu ya joto ingeitaka, hivyo hata ukichagua boila leo, hiyo haitapotea.

Tukubali ni boila. Swali la kwanza ni kombi au yenye tangi. Kombi hupasha maji ya kuoga papo hapo, haina tangi, na ndiyo iliyojaa kwenye nyumba za kawaida. Anayetoka Dar au Mombasa anaielewa upesi, maana ile hita ya bafuni iliyo kichwani mwa bomba la mvua hufanya kazi kwa namna hiyohiyo: maji yakipita, moto unawaka. Udhaifu wake nao ni uleule, maji yakiongezeka joto linapungua.

Pima maji yako kabla hujasikiliza maneno ya muuzaji. Chukua ndoo ya lita 10, fungua koki ya maji baridi ya jikoni hadi mwisho, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60 unapata lita 10 kwa dakika. Ikijaa kwa 40, lita 15. Kisha chukua kilowati za boila, zidisha kwa 14.3, gawanya kwa nyuzi unazotaka kupandisha. Majira ya baridi maji ya bomba huingia na nyuzi 5 hadi 8, ya kuoga ni 40, kwa hiyo unapandisha nyuzi 35 hivi. Kilowati 24 zinakupa lita 9.8 kwa dakika, kilowati 30 lita 12.3, kilowati 35 lita 14.3. Bomba la mvua la kawaida linataka lita 8 hadi 10. Kombi ya kilowati 40 kwenye nyumba ambayo bomba la barabarani linatoa lita 10 kwa dakika ni hasara tupu, boila haina uwezo wa kuzalisha maji ambayo hayakuingia.

Nyumba yenye mabafu mawili na watoto wanaowahi shule saa moja na nusu asubuhi wote kwa pamoja, hiyo inataka tangi. Kwa watu 4, lita 180 hadi 210 zinatosha. Maji ya tangini lazima yahifadhiwe kwa nyuzi 60 ili bakteria wa legionela wasizaliane, na hapo ndipo wengi wanapoiharibu akiba yao bila kujua: fundi anaunganisha tangi na rejeta kwa namna ambayo boila inatoa joto moja tu kwa vyote viwili. Tangi likitaka boila itoe nyuzi 65 au 70 ili lifike 60, rejeta nazo zinapata hizohizo siku nzima. Mwambie mapema kwamba unataka boila itoe joto la juu pale tu tangi linapopashwa, kisha ishuke kwa ajili ya rejeta. Boila nyingi za sasa zina uwezo huo, ila waya na valvu vinapangwa tofauti, na ni kazi nyepesi siku ya kufunga na kero kubwa baadaye.

Sasa ukubwa wa kupasha nyumba, ambako ndiko tunakoona makosa mengi zaidi. Mtu ana nyumba ya vyumba vitatu katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana, anauziwa kilowati 35 kwa sababu "nguvu haiozi." Nguvu inaoza. Nyumba kama hiyo, usiku wa nyuzi sifuri au chini kidogo, mara nyingi haitaki zaidi ya kilowati 5 hadi 8. Mwezi wa nne inataka 2. Boila ambayo moto wake mdogo kabisa ni kilowati 7 itawaka dakika tatu, maji yatapanda haraka, itajizima, itawaka tena. Kila kuwaka inapuliza hewa ya baridi kupitia ndani yake, feni na kiwashio vinachakaa, na maji yanarudi yakiwa ya moto kwa kuwa yamepandishwa kwa pupa.

Unaweza kukadiria mwenyewe kwa mita. Chagua siku ya baridi ya kweli, soma mita ya gesi, isome tena baada ya saa 24. Tuseme zimetumika mita za ujazo 9. Zidisha kwa 11.2 upate uniti (kilowati-saa), ni kama 100. Ondoa 8 za kuogea na kuoshea vyombo, zinabaki 92. Boila ya zamani inapoteza, chukua asilimia 85: ni 78. Gawanya kwa saa 24, wastani ni kilowati 3.3. Ikiwa nje ilikuwa nyuzi 5 na ndani wastani wa 18, tofauti ni 13. Siku ya kutisha kabisa nje ni −2 na wewe unataka 20, tofauti ni 22. Zidisha 3.3 kwa 22, gawanya kwa 13, unapata kama 5.5. Hiyo ndiyo nyumba yako. (Angalia kama mita ni ya zamani inayosoma futi za ujazo, hesabu itabadilika kabisa.)

Kwa hiyo kwenye karatasi ya boila usisome kilowati kubwa peke yake, soma ndogo. Tafuta inayoshuka hadi kilowati 3 au chini ya hapo. Kombi itabaki na 24 au 30 kwa ajili ya maji ya kuoga, lakini upande wa rejeta fundi anaweza kuiwekea kikomo, tuseme 10, kwenye menyu yake ya ndani. Ni dakika chache za kubonyeza vitufe. Wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Themostati nayo. England, tangu Aprili 2018, kombi mpya haitoshi kuwa na saa na themostati tu. Lazima iwe na mojawapo ya nyongeza nne, zikiwemo kipima joto cha nje, themostati inayopunguza moto kadiri chumba kinavyokaribia joto lake, au ile ya kisasa inayojifunza mwenendo wa nyumba. Kwa maoni yetu kipima joto cha nje ndicho bora, na ndicho kisichoonekana madukani: kijisanduku cha plastiki ukutani upande wa kaskazini, mbali na jua, chenye waya mbili kwenda kwenye boila. Nje kukiwa na nyuzi 10 boila inatuma maji ya nyuzi 40, nje kukiwa sifuri inatuma 52. Maji hayawi ya moto kuliko haja. Ile ya kisasa, inayoendeshwa kwa simu, ni nzuri pia, ila kuna mtego. Nyingi huunganishwa kwa waya za kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo pamoja na ujanja wake wote boila inasikia amri mbili: waka, zima. Muulize fundi kama itazungumza na boila kwa OpenTherm, lugha ya pamoja ya boila na themostati za kampuni mbalimbali, au kwa lugha ya kampuni ya boila yenyewe, na kama boila hiyo inaikubali. Akijibu "zote ni sawa," muulize mwingine.

Rejeta zinastahili muda kuliko boila yenyewe. Rejeta iliyoandikwa wati 1,500 hutoa wati hizo pale tu wastani wa maji ndani yake unapozidi joto la chumba kwa nyuzi 50, yaani maji ya 70 kwenye chumba cha 20. Ukituma maji ya 55 yakarudi na 45, zinabaki kama wati 770. Ndiyo maana watu wakishusha joto wanaogopa na kulirudisha juu. Lakini nyumba nyingi ziliwekewa rejeta kabla ya madirisha ya vioo viwili na sufi ya darini, hivyo rejeta hizo sasa ni kubwa kuliko haja. Jaribu siku ya baridi kali: weka 55, iache siku nzima. Chumba kimoja kikishindwa, badilisha rejeta ya chumba hicho tu. Bamba moja lenye mapezi upande mmoja, linaloitwa aina ya 11, ukiliondoa na kuweka aina ya 22, yenye mabamba mawili na mapezi mawili, ya urefu uleule, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu na mabomba hayasogei sana. Kanuni za England za mwaka 2022 zinataka mfumo mpya mzima upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55, kwa hiyo fundi anayekuambia haiwezekani amepitwa. Na sofa uliyoisukuma mpaka imeigusa rejeta, pamoja na nguo zilizoanikwa juu yake tangu Jumapili, hizo zina wati zake pia.

Baada ya hapo rejeta zisawazishwe. Kila moja ina valvu mbili: moja yenye namba unayoizungusha, nyingine yenye kofia ya plastiki usiyoigusa. Hiyo ya pili ndiyo ya kusawazisha. Rejeta ya karibu na boila ikiachwa wazi kabisa, maji yanaipita mbio na kurudi ya moto, huku chumba cha mwisho kikibaki baridi. Fundi anaibana ya karibu, anaifungua ya mbali, mpaka tofauti kati ya bomba la kwenda na la kurudi ikaribie nyuzi 15 hadi 20. Hii ni kazi ya kuzunguka nyumba na kipima joto mkononi, haina mvuto, na ni ya kwanza kurukwa.

Mabomba ya zamani yana tope jeusi, ambalo ni kutu ya chuma ya rejeta. Ukifunga boila mpya bila kuosha mfumo, tope hilo linahamia kwenye njia nyembamba za boila na kuziziba ndani ya miaka michache, nayo dhamana haitakulinda. Mfumo uoshwe, kichujio cha sumaku kiwekwe kwenye bomba la kurudi kabla ya boila, na dawa ya kuzuia kutu itiwe. Chupa ya lita 1 kwa kawaida hutosha nyumba ya rejeta 10 hivi. Kichujio kifunguliwe kila mwaka. Mwaka wa kwanza hutoka uji mweusi mzito kama grisi, na usishangae. London na kusini mashariki kuna tatizo jingine, maji ya chokaa, ambayo huganda upande wa maji ya kuoga. Weka kizuia chokaa kwenye bomba la maji baridi linaloingia.

Bomba la gesi: boila ya zamani huenda ililishwa na bomba la milimita 15 kutoka kwenye mita. Kombi mara nyingi hutaka milimita 22 kwa sehemu kubwa ya njia. Kipimo ni kimoja: boila ikiwaka kwa nguvu zote, presha isipungue zaidi ya milibaa 1 kati ya mita na boila. Mwombe fundi akuonyeshe. Bei ya chini ya kushangaza mara nyingi imeficha hapa.

Na bomba la maji yanayotoneshwa, dogo na la kudharauliwa. Desemba 2010 baridi ilipokaza, boila zilizimika nchi nzima kwa sababu bomba hili liliganda nje ya ukuta. Liende ndani ya nyumba hadi kwenye bomba la maji machafu kama inawezekana. Likilazimika kutoka nje, liwe la milimita 32 badala ya 21.5, liwe fupi, livishwe sponji isiyoingiza maji, na literemke milimita 45 kwa kila mita. Likiganda utasikia boila ikigugumia kama inasukutua, kisha inajizima. Mwagia bomba maji ya vuguvugu kwa nje, si ya kuchemka, halafu bonyeza kitufe cha kuanza upya.

Karatasi ya bei ikufikie kwa maandishi: jina kamili la boila na kilowati zake, ukubwa wa bomba la gesi, namna ya kuosha, kichujio, dawa, njia ya maji yanayotoneshwa, aina ya themostati na jinsi itakavyounganishwa, miaka ya dhamana na masharti yake. "Kufunga boila kombi, kila kitu ndani" si karatasi ya bei. Anayegusa gesi lazima awe kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tangu Aprili 2009. Kadi yake ina picha na namba mbele, igeuze. Nyuma kumeandikwa kazi anazoruhusiwa, na kuna wenye ruhusa ya majiko ambao hawana ya boila. Namba hiyo unaikagua mwenyewe kwenye tovuti ya shirika. Ndugu wa rafiki atakayeifunga Jumamosi kwa nusu bei, kama hana kadi, muombe akusaidie kubeba rejeta.

Akimaliza, usimwache aondoke kabla hajaweka joto. Kwenye uso wa boila kuna alama mbili, ya koki na ya rejeta. Ya rejeta hukutwa kwenye 70 au 75. Ishushe hadi 55, ukiwa na wasiwasi anza na 60. Ya koki, kwa kombi, 45 hadi 48 inatosha, hakuna faida ya kupasha maji hadi 60 kisha kuyachanganya na baridi bafuni. Kwa mwenye tangi alama hii haiguswi, 60 ni 60. Kombi nyingi pia hujiwasha kimyakimya kila baada ya muda ili maji ya moto yatoke haraka. Zima hali hiyo, utasubiri sekunde chache zaidi na gesi itabaki kwenye mita.

Presha ikiwa baridi ikae baa 1 hadi 1.5. Ikipanda hadi karibu 3 boila ikiwa ya moto, kisha kukuta imeshuka asubuhi, chombo cha kupokea maji yanayotanuka kimeishiwa hewa na kinajazwa upya au kubadilishwa. Ikishuka polepole bila kupanda, toka nje utafute bomba dogo la shaba lililopinda kuelekea ukutani. Likidondosha, valvu ya usalama inavuja. Kuongeza maji kila wiki si suluhisho. Maji mapya yana oksijeni, na oksijeni inazaa tope lilelile uliloliosha.

Fundi ana siku 30 kuijulisha Gas Safe kazi aliyoifanya, na cheti cha kanuni za ujenzi kitakuja kwa posta. Kitunze, wakili wa mnunuzi atakiuliza siku utakapouza nyumba. King'ora cha kaboni monoksidi kiwekwe chumba kilekile chenye boila, mita 1 hadi 3 kutoka kwake.

Kwa aliyepanga, boila ni ya mwenye nyumba, na ukaguzi wa gesi wa kila miezi 12 ni wajibu wake kisheria, akupe nakala ndani ya siku 28. Kuibadilisha huwezi. Lakini ikiwa ni kombi, ile alama ya rejeta iko usoni mwa boila, haihitaji bisibisi wala ruhusa ya fundi, na kuishusha kutoka 75 hadi 60 ni kazi ya leo jioni.